Mpini wa Msumeno

Bi Mwanahawa alikuwa ameupeleka msumeno wa marehemu mumewe kwa fundi Kitwana, usije ukaliwa wote na kutu. Sasa meno yaling'aa.

"Na mpini nimeupiga msasa, mama," fundi alisema kwa furaha. "Ulikuwa umelika, una mabonde ya vidole. Hiyo zawadi yangu."

Bi Mwanahawa aliushika. Tangu eda, kila alfajiri alikuwa akilaza vidole vyake kwenye mabonde yale, palipokaa vidole vya mumewe. Leo kiganja kiliteleza tu.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Kisha akachuchumaa chini ya meza ya fundi, akaanza kuzoa vumbi la mbao na kulitia kwenye pindo la kanga.

"Liache, mama. Limechanganyika na la vitanda vya watu."

Bi Mwanahawa aliendelea kuzoa.