Kigogota Mpima Meno

Kigogota alijitangaza kuwa mpima meno. Aligonga jino kwa mdomo wake, akatega sikio, kisha akasema, "Bovu hili. Ling'olewe." Hakuna jino bovu lililowahi kumponyoka, na wanyama wakamsifu sana kwa hilo.

Siku moja alimwambia Fisi kwamba magego yake yote yameoza.

"Mbona hayaniumi, mtaalamu?" Fisi akauliza. "Na yakitoka, mifupa nitaivunja na nini?"

"Umewahi kusikia jino bovu limeniponyoka?"

"Hapana," Fisi akakiri, akapanua kinywa.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo Kobe. "Ndugu yangu, nipishe," akasema. "Nina haraka."

Kigogota akafumba macho ili asikie vizuri, akagonga ndani ya kinywa cha Kobe. "Bovu," akasema. "Limeoza mpaka kwenye mzizi."

Fisi akachungulia. Kobe hakuwa na jino hata moja.

Ngiri, aliyeng'olewa manne jana yake, akasogea. "Kigogota, kuna yeyote uliyewahi kumwambia jino lake ni zima?"

"Mwenye jino zima," akajibu Kigogota, "angekuja kwangu kufanya nini?"

Ngiri akapapasa mapengo yake kwa ulimi.