Bango la Mpaka

Wabebaji walikitua kitanda cha Kadzo kwenye tope, hatua chache kabla ya bango la mpaka. Bi Mbodze, mkunga, akapapasa tumbo la Kadzo aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, kisha akamgeukia baba wa binti huyo.

"Asiinuliwe tena, Dzombo. Mkimtikisa tu, tunawapoteza wote wawili."

Ng'ambo ya bango, kwenye lami, gari la wagonjwa la jimbo jirani lilikuwa linanguruma.

"Sogeza gari, mwanangu," Dzombo akamwambia dereva.

"Mzee wangu, mimi naishia hapa kwenye bango. Huko mna serikali yenu."

Serikali yao! Dzombo aliikumbuka vizuri siku walipochezeshwa ngoma wakaambiwa kila jimbo sasa lijitawale. Wenye bandari wakajitawala na bandari yao, na hospitali, na lami. Wao wakajitawala na tope, na gavana mwenye king'ora. Tangu hapo wajawazito wa huku hubebwa kwa vitanda mpaka mlangoni kwa watu.

Kadzo akalia.

Dzombo akaliendea bango, akalikumbatia kama gunia, akalitikisa mpaka nguzo ikang'oka.

"We mzee! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Ipi?" akauliza Bi Mbodze. "Yenu au yetu?"

Dzombo alilikokota, akakipita kitanda, akalisimika nyuma ya binti yake na kulishikilia kwa mikono miwili lisianguke. Hata hasira ilikuwa imemchoka. Tope lilichuruzika juu ya maandishi ya kukaribisha wageni, na dereva akayasoma polepole, mkono kwenye gia.