Mshukiwa wa Kitanda cha Nne

Tumbo la Niken lilikuwa linanguruma, na halikuwa na sababu ya kunguruma.

Sista Wulansih alisogeza kifaa cha kusikilizia upande wa kushoto, kisha chini, mbali na kidonda. Sauti zilikuwa zile zile, za tumbo lenye kazi. Lakini Niken hakuwa amekula kitu tangu alipoondolewa kidole tumbo kilichopasuka, na kila alipoulizwa kama ametoa upepo, jibu lilikuwa moja.

"Bado, Sista."

Alilisema akitazama shuka. Kabla ya kulisema alikuwa amemtupia jicho mama mkwe wake, Bu Karsinah, yaani Mama Karsinah kwa heshima, aliyeketi mkekani kando ya kitanda cha nne akisokota ncha ya mtandio.

Aliyepasuliwa tumbo hapewi chakula mpaka atoe upepo. Ndiyo habari kwamba utumbo umeamka na njia iko wazi. Mume wa Niken ndiye aliyeelezwa haya, kisha akarudi kazini Semarang na kumwachia mama yake zamu. Tumbo linalonguruma bila kutoa kitu huenda limeziba. Sista Wulansih alikuwa ameshawaona wagonjwa wa aina hiyo: ndugu anakuja na supu ya kuku, mgonjwa ananyweshwa vijiko viwili kwa huruma, keshokutwa anarudishwa mezani kupasuliwa.

Kwa hiyo alianza kumchunguza Bu Karsinah.

Mwanamke huyo alimjibia mkwe wake karibu kila swali. Amelala vizuri? Amelala. Maumivu? Yamepungua. Swali la upepo tu ndilo alilomwachia Niken, na hapo aligeuka kutazama dirishani. Kando ya mkeka alikuwa na chombo cha chakula cha ghorofa tatu, kimefungwa kwa kitambaa. Tena wodi nzima ilijua kwamba Niken hakuwa chaguo lake. Mwanawe alimleta tu nyumbani, harusi ikapita, na wiki tatu baadaye bibi harusi akaanguka jikoni ameshika tumbo.

Asubuhi hiyo, Sista akiwa anabadilisha bandeji, Bu Jumirah wa kitanda cha jirani aliziba pua kwa shuka.

"Mungu wangu! Bu Karsinah, umekula jengkol tena? Tuhurumie, sisi ni wagonjwa!"

"Niwieni radhi, jamani." Bu Karsinah aliinua mkono kama mwanafunzi. "Tumbo langu la uzee limekosa adabu."

"Limekosa adabu tangu jana! Nalo lipasuliwe!"

Wodi ikaangua kicheko. Sista Wulansih hakucheka. Mtu hali maharage ya jengkol, yenye kunuka vile, kwa bahati mbaya. Yanapikwa, yanabebwa, yanaletwa. Maana yake chakula kilikuwa kinaingia wodini na kuliwa, na chombo cha ghorofa tatu ni kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Akamtuma Bu Karsinah kwenye dirisha la dawa kuchukua chupa ya dripu ambayo haikuhitajika. Kisha akavuta pazia.

"Mdogo wangu, hayupo sasa. Kuna kitu unanificha?"

Machozi yalimlenga Niken. "Mama aliniambia nisiseme."

"Usiseme nini?"

"Usiniulize, Sista, tafadhali. Atajua nimemsema."

Hilo lilimtosha. Hakumhoji Bu Karsinah, wala hakumweleza kwa nini wauguzi huulizia upepo. Mshukiwa haonyeshwi ushahidi mapema. Alimpigia simu Dokter Haryo na kumpa mambo kama yalivyo: homa kidogo, tumbo limejaa, linanguruma, upepo hakuna, na inaelekea mgonjwa amelishwa kwa siri.

Daktari alikuja akabonyeza tumbo. Niken akakunja uso.

"Picha ya eksirei ya jana haisemi wazi," daktari alisema, "na mimi sitaki kungoja utumbo nao upasuke. Tunamfungua tena. Sasa hivi."

Kitanda cha magurudumu kilipofika mlangoni, Bu Karsinah alikuwa anarudi, chupa kifuani.

"Mnampeleka wapi mwanangu?"

"Chumba cha upasuaji," daktari alijibu.

"Tena? Kwani kafanya nini?"

Sista Wulansih alisimama kati yake na mgonjwa. "Afadhali wewe utuambie, Bu. Umemlisha nini?"

"Kumlisha? Mimi?" Sauti ilimpanda. "Kila siku ananiomba hata maji, nageukia ukutani nilie, wewe unasema nimemlisha?"

"Basi nani alimkataza asituambie ukweli?"

Bu Karsinah aligeuka kutazama dirishani. Wauguzi wawili walikuwa wameshaanza kumhamisha Niken, naye alikuwa amevuta shuka mpaka machoni.

"Bu, hatuna muda," daktari alisema. "Hajatoa upepo tangu apasuliwe. Tumbo limeziba, na likiziba linaua."

"Upepo?" Alimtazama daktari, akamtazama Niken. "Mtu anapasuliwa kwa sababu ya upepo?"

"Kwa sababu ya kuukosa."

Chupa ilimtoka mkononi, ikabingirika mpaka chini ya kitanda cha Bu Jumirah. Hakuifuata. Alimshika Sista Wulansih mkono, akamvuta mpaka sikio lake likafika kinywani, majirani wasisikie.

"Jana wajomba wa mumewe walikuwa wamekaa hapa wote, wamekuja kumwona bibi harusi. Ningemwachia aibu ile?" alinong'ona. "Kila nikiomba radhi humu ndani, Sista, aliyejamba ni yeye."