Mama Afe Kabla ya Ukurasa wa Kumi

Asubuhi hiyo mama yake Kalamu alisimama mbele ya kioo, akijizoeza kutokuwa mama yake Kalamu.

Alijaribu kilemba, akakitupa. Akavaa miwani ya kushonea, akaonekana yuleyule, ila kwa miwani. Kalamu alikuwa pembeni akitoa masharti kama mwalimu wa zamu: usiniite mwanangu, usinigombeze mbele ya mgeni, na ukiulizwa wewe ni nani, sema mama mdogo, mdogo wake marehemu.

"Hilo nitaliweza," mama akasema, pini mdomoni. "La kutokugombeza ndilo siahidi."

Balaa lilianzia kwa mhariri. Kalamu, jina alilobandikwa na mama kwa kejeli likaganda, alimpelekea riwaya ya vijana ambamo msichana ana mama mzima wa afya, fundi cherehani, anayepiga kelele kuhusu vyombo. Mhariri akairudisha na busara zake: mama aliye hai hauzi kitabu. Siku hizi vijana wanataka majonzi. Mama afe kabla ya ukurasa wa kumi. Akifa wakati wa kumzaa shujaa ndiyo bora, maana binti atabaki na kurasa mia mbili za kujiuliza yeye ni nani.

Kalamu hakubishana. Alimuua mama ukurasa wa kwanza, asije akachelewa. Mazikoni ikanyesha mvua, kama kawaida ya maziko ya vitabuni, na kichanga cha siku chache kikaikumbuka mvua hiyo tone kwa tone. Kuanzia hapo binti ni kioo tu. Anajitazama sura ya pili, sura ya tano, sura ya tisa. Mtu angedhani ana chunusi. Baba hakupewa hata aya moja, na hapo angalau kitabu hakikutia chumvi.

Mama alikisoma kati ya sare mbili za shule, akicheka mpaka uzi ukakatika. Alitaka kujua kwa nini lazima mvua inyeshe. Kwani watu hawazikwi juani? Alitaka kujua binti huyo anakula nini, maana kitabu kizima hajabandika sufuria. Kisha akauliza, hilo la kufia kwenye uzazi nani kamwambia. Mhariri, akajibu Kalamu. Mama akashusha pumzi, akasema huyo mhariri atafutiwe mke, labda atapunguza kuua wanawake wa watu. Akarudi kukanyaga cherehani.

Kitabu kikanunuliwa kama njugu. Siku ya uzinduzi mtu akauliza kama ni kisa cha kweli. Kalamu hakusema ndiyo. Aliinamisha macho tu, akauma mdomo, na ukumbi mzima ukatoa leso. Toleo la pili likachapwa na maneno "kisa cha kweli" juu ya jalada, na kitabu kikaingia kwenye tuzo ya visa vya kweli vya vijana. Zawadi ilikuwa chuo, miaka mitatu, kila kitu juu ya kamati ya tuzo. Jambo ambalo cherehani ya mama isingelifikia hata ikikanyagwa kwa miguu minne. Ndipo mtu asiye na jina akaiandikia kamati kwamba mama wa mwandishi yu hai, na anashona suruali.

Ndiyo maana sasa mjumbe wa kamati alikuwa anabisha hodi.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mkoba na subira. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akainuka kidogo, akaitoa pini aliyoikalia na kuiweka mezani. Mama akajitambulisha: mama mdogo, mdogo wake marehemu. Alilisema kirahisi mno, hata Kalamu aliyekuwa amejiandaa kwa aibu akaona wivu. Kumbe kipaji cha uongo katika nyumba hii hakikuanzia kwake.

Mjumbe aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kitabuni alikuwa malaika. Kazi yake ilikuwa kutabasamu na kufa.

"Mkorofi," mama akasema. "Hakuwa anaazimisha kitu. Na akicheka anakoroma, kama huyu."

Kalamu akamkanyaga mguu chini ya meza. Hayo hayakuwamo kitabuni.

Mjumbe aliandika, akafunga daftari, akasema kwa upole kwamba lililobaki ni dogo tu: cheti cha kifo. Kisipokuwepo, jina la binti litaondolewa kwenye tuzo, na mchapishaji ataarifiwa.

Kalamu aliiona miaka mitatu ya chuo ikitoka mlangoni kwa miguu yake. Akafungua mdomo aseme kilipotea, kililoa, kililiwa na panya. Vyote vitatu vikagombania njia, kisitoke hata kimoja.

Mama alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama kitambaa cha mteja kabla ya kukitia mkasi. Kisha akainuka, akaingia chumbani. Lilisikika sanduku likiburutwa.

Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

Kalamu akaiinamia kwa jicho la mhakiki, na moyoni akampa mama alama zote. Kazi safi. Mikunjo imeingia manjano, muhuri umefifia kwa kiasi chake. Jina la kwanza la marehemu hakulijua, ila la ukoo lilikuwa la babu. Umri, miaka ishirini na miwili. Sababu ya kifo, uzazi. Haya, fundi ni fundi tu.

Mjumbe akatoa mkobani karatasi yake mwenyewe, aliyopewa jana hospitalini: nakala ya daftari la wodi ya wazazi, siku aliyozaliwa Kalamu. Akailaza kando ya cheti, akapitisha kidole hadi kwenye safu ya jina la mama, kisha akageuka kumpa binti pole.

"Majina yanalingana," akasema.