Gando la Jozi ya Tano

Kwa desturi ya fani yao, mtaalamu wa wanyama haipi spishi mpya jina lake yeye mwenyewe, kwa hiyo Dakta Msabaha alingoja miaka ishirini akumbukwe na mwenzake. Leo Zuhra, mwenzake kijana wa maabara, alikuwa amemkumbuka kwa kuipa jina lake spishi mpya: kamba wa kilindini aliyenunuliwa kwa muuza samaki, kipofu, mwenye gando hata kwenye jozi ya tano ya miguu.

"Mnafanana, Dakta," Zuhra alitania akiitazama miwani minene ya Dakta huku akiandika lebo. "Macho hamna, ila makucha mnayo. Njoo ukate keki!"

"Nakuja, mwanangu. Ngoja nimuage wajina wangu."

Aligusa gando moja la jozi hiyo ya tano kwa kibano. Likabanduka, likivuta uzi wa gundi ambayo wauza samaki huitumia kubandika miguu iliyovunjika. Bila magando hayo ya kubandikwa, kamba alikuwa yule yule wa kawaida, spishi inayojulikana tangu zamani.

Makofi yakaanza. Dakta alisimama, kibano mkononi, uzi wa gundi ukizidi kurefuka.