Picha Tatu za Bwana Harusi

Bwana harusi hakuwa na uso. Kofia nyeupe ilionekana vizuri, paji likaanza, kisha kuanzia hapo kwenda chini picha yote ilikuwa kijivu kitupu.

"Hiyo ni moja," alisema Zamda. "Anaonekana kwenye ngapi?"

"Tatu tu, dada. Nyingine zote zilipigwa ndani, kwa wanawake."

Msichana huyo aliitwa Amne. Alikuwa ametoka Kaliua kwa treni, mtoto mgongoni, mkononi kamera ya mjomba wake ambayo kioo chake kilishakufa. Watu wa sokoni walimwelekeza kwa Zamda, maana Tabora nzima picha ikigoma kufunguka hupelekwa dukani kwake.

Picha ya pili ilikatika kwenye nyusi. Ya tatu haikufunguka kabisa. Masahani ya pilau, hayo yalifunguka yote, na shangazi mmoja mnene akafunguka mara sita. Zamda alisonya.

"Na kwenye simu yake?"

"Lori lilipinduka, simu ikasagika. Yangu ni kitochi, haipigi picha." Amne alimhamishia mtoto begani. "Tulimzika Ijumaa, Baba Najiat wangu. Hakuna ndugu yake hata mmoja aliyemtia udongo."

Zamda aliacha kubofya. Huruma ilimjaa. "Na eda, mdogo wangu?"

"Nitakaa. Lakini kwanza niwapate watu wake. Alikuja kwetu na biashara, akasema kwao ni hapa mjini, mwaka huu angenileta nionane nao. Jina lake nimeliuliza huko nje siku mbili, wamenitajia watu kumi na wanne. Sura yake ni moja, dada. Sitaki mwanangu akue hapajui kwao."

Hilo jina lenyewe hakulitamka, na Zamda hakumshurutisha. Mke mwenye adabu zake halitaji jina la mumewe hovyo. Yeye mwenyewe, mwaka wa kumi na mbili huu, wake alikuwa Baba Adinani, basi.

Akazinakili upya kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta yake. Safari hii bwana harusi wa kwanza alikatikia kwenye kofia, na yule wa tatu akatoa sikio. Amne alianza kulia. Zamda akapiga meza kwa furaha.

"Usilie! Kadi ya kamera ingekuwa imekufa, picha ingekatika palepale kila mara. Hii inahama. Picha zako ni nzima, zinaharibikia njiani."

Alichomoa waya, akaweka mwingine. Kijivu kilekile.

"Basi ni tundu la mashine yenyewe. Mtumba huu! Baba Adinani aliniapia ni mpya. Ngoja arudi, atanieleza."

Akavuka barabara hadi kwa Gerson, mchapaji wa kadi za harusi, akaazima kompyuta yake na kile kidude cha kusomea kadi, akarudi navyo dukani. Aliitoa kadi kwenye kamera, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaichomeka.

"Hatuhamishi kitu kwanza," alisema. "Tunaziangalia humohumo."

"Naogopa," alisema Amne, akafumba macho.

Picha ilifunguka yote, kuanzia kofia mpaka makubadhi.

Amne alipofumbua macho aliishika meza kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na huku anacheka. "Ndiye! Ndiye huyo! Nitolee kumi, dada, nizipeleke misikitini. Nianzie upande gani?"

Zamda alikuwa akiitazama picha na hakuwa ameuondoa mkono kwenye kompyuta. Nje muuza karanga alipita akiita, akaenda zake. Amne akarudia swali lake, polepole zaidi, akidhani hakusikika.

"Usiende popote," Zamda alisema mwishowe, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Umefika. Nipe huyo mtoto nimpakate. Kaka yake anatoka shule saa saba, naye anajua baba yao yuko safarini."