Kaburi la Boksi

"Kaburi ni hili," Mwalimu Chande aliwaambia wanafunzi, akaweka boksi mezani. Wamisri wa kale walizikwa na vitu vya safari yao. Leo darasa lingevichunguza vitu na kueleza marehemu alikuwa nani. "Sitaki mbahatishe. Semeni mnachokiona."

Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya shule, vya marehemu mwanawe. Vilikaa uvunguni miaka mitatu. Asubuhi alivichukua kimyakimya, akiamini mkewe amekwisha kuvisahau.

"Alikuwa mtoto," alisema mmoja.

"Kisigino cha kushoto kimelika. Alikuwa akichechemea."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Hayo alikuwa amejiandaa kuyasikia.

Kisha Mwanaheri, binti wa dawati la mbele, akavipapasa, akavinusa. "Kuna mtu bado anavipaka dawa ya viatu, Mwalimu. Hii haijakauka vizuri." Akainua kidole. Kilikuwa cheusi.

Mwalimu Chande alikitazama. Weusi uleule aliuona kwenye kucha za mkewe kila jioni akimtengea chakula, na kila alipouliza aliambiwa ni masizi ya sufuria.

Saa hizi mkewe yuko peke yake nyumbani, amepiga magoti kando ya kitanda, mkono wake unapapasa uvunguni.